Sheria Tatu na Koki ya Saba

S.L.P. 417,
Nkubu, Meru.
Jumapili, 9 Februari 2025.

Mpendwa dada yangu Kendi,

Muga sana, mwana wa mama. Kabla sijaanza ya kwangu, niambie kwanza ya kwako: goti limepoa? Uliponiambia kwamba mnasimama mbele ya mashine za kufulia za hoteli saa kumi kwa siku, nililifikiria goti lako hata uji wangu ukapoa mezani. Na joto la Doha je, limepunguza ukali mwezi huu? Hapa ni kiangazi kama ukijuavyo, asubuhi baridi inayoshuka mlimani, mchana vumbi. Sisi ni wazima. Tunakohoa kidogo, lakini tunakohoa tukiwa tumesimama.

Barua hii anakuletea Hodo, binti wa Mzee Younis mwenye duka la vitambaa pale Meru mjini. Alikuja nyumbani likizo na anarudi huko kazini Jumatano. Utajiuliza kwa nini kaka yako ametafuta mtu wa kubeba karatasi wakati simu anayo mfukoni. Ni kwamba kwenye simu mimi hukufanyia mzaha, nawe unacheka, mtandao unakatika, na jambo lililokuwa linanikaba linabaki pale pale. Nimeona karatasi ni salama zaidi, kwa sababu haitacheka.

Mama alifanyiwa upasuaji wa macho pale hospitali ya Nkubu mwezi wa Novemba na sasa anaona vizuri mno. Nasema mno kwa sababu tangu siku ile hatuna amani. Ameona masizi ya jikoni, ameona viraka vya suruali yangu, ameona kwamba mke wangu Wanjugu ameanza mvi. Juzi aliniambia nimezeeka vibaya kuliko baba. Nilimwambia daktari alipaswa kufanya jicho moja tu.

Wanjugu amerudi jana kutoka kwao Kibugu, alikokaa siku tatu. Mvua ya mawe iliwapiga mwezi uliopita na chai ya mama mkwe ilichanika majani yote, lakini inaanza kuchipua tena. Ng'ombe wetu wa madoa amezaa ndama jike, na binti yetu Carol amempa ndama huyo jina la mwalimu wake wa chuo. Sijui kama ni heshima au matusi, sikuuliza.

Sasa nije kwenye ujumbe wako wa Desemba. Uliniomba nikutafutie mnunuzi wa kipande chako, ile nusu ekari aliyokugawia baba ng'ambo ya mgongo wa kilima. Uliniomba pia nikutumie karatasi ya idhini ya familia ambayo ofisi ya ardhi huitaka. Na ukasema, nimelisoma neno hilo mara nyingi, kwamba ardhi ile ilikukataa mapema, na wewe si mtu wa kubembeleza ardhi. Nimekaa miezi miwili bila kukujibu. Ninakujibu leo, ila jibu langu linapitia kwenye kompyuta ya Carol, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Unakumbuka kwamba mimi ndiye mtu wa koki wa mradi wetu wa maji tangu 2014. Koki thelathini na moja, nyumba thelathini na moja, na kila asubuhi mimi na ufunguo wangu tukipanda na kushuka kufungua nne hapa na kufunga nne kule. Basi mwaka jana mradi ulinunua koki zinazotumia umeme wa jua. Kila moja ina kisanduku chake, na zote zinasikiliza kisanduku kikubwa kilichofungwa pale kwenye tangi kuu. Ikabaki shida ya nani atakiambia hicho kikubwa la kufanya. Fundi aliyetuuzia alitaka kuweka saa tu, koki fulani Jumatatu, fulani Jumanne. Koome, ambaye bado ni mwenyekiti na bado anavaa lile koti la kahawia, akamwambia mto wetu haujui Jumatatu ni lini. Hapo Carol akasema aachiwe yeye, kwa kuwa yuko mwaka wa mwisho wa chuo na alikuwa anatafuta kazi ya kuandikia ripoti.

Mimi nilidhani ataandika fungua hii, funga ile, kama nilivyokuwa nikifanya kwa mkono. Aliniketisha jikoni akaniambia, "Baba, mimi siambii computer ifanye nini. Naiambia tu mnataka nini ikuwe ukweli. Njia itajitafutia yenyewe." Akasema kuna maneno matatu ya kushika: daima, hatimaye, na mpaka. Ni kitu gani kiwe kweli daima. Ni kitu gani lazima kitokee hatimaye, hata kikichelewa. Ni kitu gani kiendelee mpaka kingine kitokee. Nikamwambia hayo ni maneno ya padri siku ya harusi. Hakucheka, unawajua watoto wa chuo.

Kisha, akasema, mashine inaelezwa dunia ilivyo, na hapo ndipo nilipoanza kusikiliza kwa makini. Kuna vitu tunavyoviamrisha, yaani koki. Na kuna vitu visivyosikia amri ya mtu yeyote: mvua, mto na kifo. Hivyo vya pili huwezi kuvipangia, unachoweza ni kusema tu vina uwezekano gani, kama mtu anayerusha kete. Mto ukiwa chini leo, ni mara ngapi kati ya kumi utaendelea kuwa chini kesho? Watu wangapi hufa kwetu kwa mwaka, na miezi gani? Mashine inachukua sheria zako upande mmoja na kete hizo upande wa pili, halafu inajijengea yenyewe mpango wa kufungua na kufunga. Na kama hakuna mpango wowote duniani unaoweza kuzishika sheria hizo, inakuambia wazi kwamba haupo.

Ili kuzijua kete za mto wetu alihitaji rekodi, na rekodi ninazo mimi. Madaftari tisa, Kendi. Kila asubuhi kwa miaka kumi na moja nimeandika kimo cha maji kwenye ule mti wa kupimia uliopakwa rangi pale mtoni, koki zilizopata, koki zinazofuata, na nyumba zenye msiba. Carol alipoyaona alisema hata mwalimu wake hajawahi kupewa kitu kizuri namna ile. Nilivimba kichwa, sikufichi. Nilimwambia Wanjugu aniongezee nyama.

Wanachama tuliketi kwenye ukumbi wa kanisa kutaja sheria zetu, tukidhani ni kazi ya dakika kumi. Ilikula mchana mzima. Jambo ambalo kila mtu amelijua tangu utoto, ukimwambia alitamke hadi kompyuta ielewe, anababaika. Mwishowe zikabaki tatu. Ya kwanza, kila koki ipate zamu yake kabla ya siku nane kwisha. Ya pili, tusiteke maji kamwe kiasi cha kuushusha mto chini ya alama nyekundu, kwa sababu ya jirani zetu wa huko chini. Ya tatu unaijua, maana mama alikuwa akituimbia tukiwa wadogo: nyumba yenye msiba inapewa zamu moja ya ziada katika kila mzunguko, tangu siku ya kifo mpaka mazishi, kwa kuwa watu watakuja, na watu hawakai kulia kwenye nyumba isiyo na chai. Tulipiga kura na mikono yote ikapanda. Kila sheria ilikuwa ya haki.

Tarehe kumi na nane Januari Carol akaleta jibu. Mashine ilikuwa imekataa.

Alitueleza kwa upole, na ni hesabu ya darasa la tatu. Mto ukishuka karibu na alama nyekundu, maji yanatosha kufungua koki nne kwa siku. Nne mara siku nane ni thelathini na mbili. Sisi ni thelathini na mmoja, kwa hiyo inabaki zamu moja ya akiba. Ukitokea msiba mmoja, akiba inakwenda huko na kila mtu anapata. Ikitokea misiba miwili kwa wakati mmoja, basi kuna koki moja itakayokosa, upende usipende. Na kwa kuwa tulisema "mpaka mazishi", na siku hizi maiti husubiri mtoto atoke Amerika, hali hiyo inaweza kurudi mzunguko baada ya mzunguko. Mashine ilikuwa imetoa na mfano. Carol akausoma kwa sauti: mto uko chini, misiba ni miwili, leo ni siku ya nane, koki moja haijapata. Alisema kwa kete za mto wetu, nafasi ya kuzishika sheria zote tatu kwa miaka kumi na moja mfululizo haifiki hata moja katika mia.

Koome akasimama na daftari langu mkononi. "Wacha kwanza," akasema. "Hizi sheria si ndizo tumetumia hiyo miaka yote? Na hakuna mtu hata mmoja amewahi kosa maji. Hii book iko hapa, kila mzunguko imeandikwa thelathini na moja wamepata. Sasa si ni kusema Mwenda ameshinda computer?"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kina mama wakapiga vigelegele. Nami nilisimama, Kendi, nikainama kidogo, nikasema asante.

Jumatatu yake nilikuwa nakamua, Carol akaja akasimama karibu na ng'ombe na simu mkononi. Alikuwa amepiga picha kurasa zote. Akaniuliza bila ubaya wowote, "Baba, hii September 2016, kulikuwa na misiba mbili na mto iko chini kabisa. Hiyo maji ya mwisho ilitoka wapi?" Nikamwambia Mungu alisaidia. Alinitazama kidogo, akasema sawa, akaenda zake. Nilibaki pale nikikamua chuchu iliyokwisha maziwa. Kudanganya ni jambo moja, lakini kumtwika Mungu uongo wangu mbele ya mtoto niliyemsomesha, hilo lilinishinda nguvu.

Sasa nakwambia wewe yale maji yalitoka wapi. Yalitoka kwenye koki ya saba. Koki yako.

Septemba 2016, mizunguko miwili mfululizo, niliifunga koki yako na nikaandika daftarini "saba, imepata". Ndipo mishiri yako, yale maharagwe mabichi, ilipokuwa inatoa maua. Ilikauka siku ishirini na moja bila tone. Ukaja kwangu na jani mkononi, ukaniuliza kaka, nimekosea wapi. Nikakwambia kipande chako kina kichanga, hakishiki maji. Ulinishukuru kwa kukueleza.

Ukapanda tena, kwa kuwa wewe ulikuwa mtu wa kupanda tena. Februari 2017 akafa baba yake Koome, na mazishi yakamsubiri yule mwanawe wa Amerika, na siku hizo hizo kukawa na msiba wa pili kule juu. Mizunguko mitatu, Kendi. Nilikufunga yote mitatu. Na wewe wiki hizo ulikuwa kwa Koome kila siku na kanga kiunoni, ukiwapikia waombolezaji chai, na maji uliyokuwa ukiyachemsha yalikuwa ya mishiri yako. Nilikuja pale nikanywa vikombe viwili. Mwezi wa Julai ukaenda Nairobi kutafuta karatasi za kusafiri, ukisema shamba si bahati yako, na mimi nikakubebea mzigo mpaka stendi.

Mara tano kwa jumla. Nimeyatafuta moyoni maneno ya kujitetea na nimeyapata mengi. Kwamba msiba hauna hodi. Kwamba ningemfungia mwingine angenipeleka kwa Koome siku hiyo hiyo. Kwamba kipande chako kiko ng'ambo ya mgongo na hakuna anayeiona koki yake. Lakini ukiyachekecha yote linabaki moja: nilikuchagua wewe kwa sababu ulikuwa dada yangu na hungenishtaki. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami siku zote nilidhani methali hiyo inawahusu watu wengine.

Na linaloniumiza kuliko yote ni kwamba ungenipa. Ningekuja jioni moja nikakuambia, Kendi, kuna misiba miwili na maji hayatoshi, ungesema chukua. Ungeacha kununua mbegu, au ungepanda kidogo zaidi, ungejua la kufanya. Sikukuuliza kwa sababu daftari langu lilikuwa safi na nilipenda lilivyokuwa safi.

Tangu uondoke koki ya saba imekuwa akiba yangu ya siri. Nyasi hazilalamiki. Ndiyo maana nilionekana fundi kuliko mashine. Wanasema njia ya mwongo ni fupi; yangu ilikuwa na miaka minane, na nilikuwa nimeanza kuizoea.

Mkutano wa pili ulikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita, tarehe mosi. Carol alieleza kwamba ni lazima sheria moja ilegezwe, na akauliza ni ipi. Hakuna aliyetaka kugusa ya msiba. Hakuna aliyetaka kuwanyima watu wa chini. Ndipo mtu mmoja nyuma akasema, kwani koki ya saba si ni nyasi tu? Tuitoe, tubaki thelathini, akiba itakuwa mbili. Koome akasema ni kweli, na kwani Kendi si anauza? Habari ilikuwa imeshafika, unajua kijiji chetu. Carol akaandika thelathini, akabonyeza, na nafasi ikapanda vizuri sana. Watu wakaanza kuchukua kofia zao.

Nikasimama. Nikawaambia wakae, na nikawasimulia haya yote niliyokuandikia, mwaka kwa mwaka, mzunguko kwa mzunguko. Nilifungua daftari nikaonyesha mahali. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeyaficha ya kutosha. Carol alikuwa ameketi mbele. Sikuweza kumtazama.

Hakuna aliyenipigia kelele, afadhali wangenipigia. Koome akasema, "Kumbe hiyo chai ya matanga ya baba ilikuwa mishiri ya Kendi. Na mimi nilimpea asante ya mdomo tu." Akavua miwani akaifuta. Wazee wawili wakataka nilete kondoo kama ilivyo desturi. Koome akawajibu kwamba kondoo huyo si wao wa kumtaja, atamtaja aliyekosewa, na kwamba mtu yeyote asimpigie Kendi simu mpaka ndugu yake amwandikie mwenyewe. Wamenipa wiki moja. Nimeandika karatasi nne nikazichana, hii ni ya tano.

Kazi ya koki wameniondoa. Ndwiga, yule kijana wa Embu aliyeoa hapa, ndiye atakayesafisha vichungi na kuangalia betri. Nimempa ufunguo wangu wa zamani ingawa hauna kazi tena. Sikulia, lakini asubuhi miguu bado inaamka yenyewe ikitaka kwenda mtoni, nami nakaa kitandani nikiikataza.

Nikueleze walivyomaliza, maana utataka kujua. Carol aliirudisha koki ya saba, tukawa tena thelathini na mmoja, halafu akatuuliza swali ambalo sisi wenyewe tulipaswa kujiuliza siku nyingi: siku ambayo lazima mmoja akose, mnataka akose vipi? Tukakubaliana hivi. Ajulikane mapema na aulizwe. Iandikwe wazi kwamba amekosa, na kwa ajili ya msiba wa nani. Mzunguko unaofuata awe wa kwanza kupata. Na asikose mara ya pili mpaka wengine wote thelathini wawe wamekosa mara moja moja. Kisha jioni, nyumbani, Carol akaiuliza mashine tena. Ilijenga mpango wake wakati Wanjugu anasonga ugali, na safari hii ikakubali. Carol anasema hata kete zianguke vibaya namna gani, hakuna nyumba itakayobeba mzigo wa kijiji peke yake.

Mpango ulianza kazi Jumanne, na Alhamisi zamu ya koki yako ikafika. Nilivuka mgongo nikaenda kuitazama. Ilifunguka yenyewe, ikalia kidogo, maji yakatoka. Hakuna kilichopandwa, ni nyasi na mibono iliyojiotea. Niliyaacha yaende mpaka mwisho wa zamu. Ijumaa jioni nilirudi na jembe nikachimba kina cha mkono. Chini udongo ni mweusi, na ulikuwa bado na unyevu. Ni udongo mzuri, Kendi. Ni bora kuliko wangu.

Carol alininyima maneno siku tatu. Siku ya nne alikuja zizini akaniambia, "Baba, ungeniambia tu ile siku nilikuuliza." Nikamwambia najua. Akanishikia ndama nikamalizia kukamua. Hatujalizungumza tena, lakini jana aliniomba nimsahihishie Kiswahili kwenye ripoti yake, na hilo nimelichukua kama salamu.

Mama nilimwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Anakusalimu kwa moyo wote, anasema ukija atakuona sasa uso kwa uso. Mimi hanisalimu kwa sasa. Wanjugu anakusalimu na anakuombea goti. Carol anamsalimu shangazi yake, anasema atakuandikia baada ya wewe kusoma hii. Koome anakusalimu pia, ana lake la kukuambia na ameomba nimwachie alisema mwenyewe. Nawe unisalimie Ebla, mwenzako wa chumbani, umwambie zile tende alizotuma zilifika na mama alizificha.

Sikuombi unisamehe kwa barua ya kurudi. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie kwa muda unaohitaji, na ukitaka kondoo mtaje, hata wawe wawili. Mimi nimeona haya mbele ya watu thelathini na sasa naona haya zaidi mbele ya karatasi hii, na ni haki yangu. Ulikuwa mkulima mzuri. Ulinyima usingizi watoto wa watu ukiwafundisha kufunga kamba za mishiri. Nilipaswa kukuambia hivyo siku ile stendi.

Ndani ya bahasha utaikuta ile karatasi ya idhini uliyoiomba. Sehemu yangu nimetia sahihi, na sikuweka sharti lolote. Ukitaka kuuza, jaza sehemu yako umpe Hodo, naye atairudisha Aprili, na nitakutafutia mnunuzi mwema bila kununa. Ila ukiuza, uza kwa sababu unataka kuuza. Usiuze kwa sababu ardhi ilikukataa. Ardhi haikukukataa, Kendi. Ni mimi niliyekufungia maji.

Mungu aliyekuvusha salama hadi ugenini akulinde kazini na barabarani, akuponye goti, na siku akikurudisha, usikute mlango wowote wetu umefungwa.

Wako akupendaye, niliyekukosea,
kaka yako,
Mwenda.